Mguu wa Tatu wa Jogoo

Mimi yule jogoo simpendi, na sioni haya kusema. Mji mzima wa Gabrovo unampenda. Yupo kwenye kadi, kwenye madaftari, kwenye karatasi za kufungia zawadi, hadi dirishani kwa muuza nyama, na mimi Penka ndiye ninayemkata na kumkunja kutwa nzima. Ni jogoo wa buluu mwenye miguu mitatu. Alichorwa na mtoto wa miaka saba, Bilyana, akiwa kitandani hospitalini, na anayemchapa kwenye karatasi ni mama yake, Nevena.

Kazi tunaifanyia chini ya kiwanda cha nguo cha zamani, kando ya mto. Nevena anatandika karatasi chini ya fremu ya wavu iliyobeba mchoro, anamwaga wino, anaukokota kwa mpini wa mpira, anainua fremu, jogoo huyo. Karatasi inaanikwa kambani kwa vibanio vya nguo, halafu nyingine. Pesa zote zinakwenda kwenye nyumba iliyo nyuma ya hospitali, ambako wazazi kutoka vijijini wanalala bure watoto wao wakilazwa. Zamani walilala kwenye viti vya korido. Nevena mwenyewe alilala hapo, majira yote ya baridi yale Bilyana alipokuwa anamponyoka, hadi akafa.

Sasa nani atathubutu kumsema vibaya jogoo wa aina hiyo? Nevena hanunui hata mkate kwa amani. "Mama Jogoo!" wanamwita ng'ambo ya barabara. Wanamkumbatia, wanamlilia begani, wanamsukumia mitungi ya jamu. Naye anatabasamu hadi mashavu yanamuuma.

Februari ndiyo mbaya kuliko miezi yote. Tarehe mosi Machi kila mtu kwetu humpa mwenzake uzi mwekundu na mweupe wa kumtakia afya, na siku hizi uzi bila kadi ya jogoo watu wanaona hujawapa kitu. Uzi naufunga mimi, kwenye ule mguu wa tatu.

Alasiri moja Nevena akasimama na mpini mkononi, wino unamdondokea kiatuni.

"Dada Penka, nikimchapa tena huyu jogoo nitatapika."

"Tapikia ndooni, karatasi ni ghali," nikamtania.

Hakucheka. "Nikifumba macho nimtafute Bilyana, anakuja jogoo. Picha za ukutani naziona, lakini mwenyewe simwoni. Uso wake umenitoka, dada. Huyu mdudu amekaa mlangoni, hanipishi."

Nilijisikia vibaya jamani, na utani wangu ule. Nikamwambia aache. Aache leo leo, amwambie Rumyana.

Bi Rumyana ndiye anayeendesha ile nyumba, mwanamke mwema mpaka unatamani kumzaba kofi. Alimsikiliza Nevena, akamshika mikono yote miwili, machozi yakamtoka. "Pumzika mpenzi wangu, ni haki yako. Mpaka Jumatatu." Kisha akatueleza, taratibu, kwamba mtambo wa kupasha nyumba joto umekufa, na kuna binti amefika na kichanga, analala na koti. Neno baya hakusema hata moja. Jumatatu Nevena akavaa aproni yake.

Alipofanya alichofanya sikuwepo. Nilitoka kununua banitsa, ule mkate wa matabaka wenye jibini, na niliporudi mpira wa maji ulikuwa unafoka na yeye anasugua wavu kwa dawa. Ile ngozi nyembamba inayobeba mchoro ilikuwa inabanduka vipande vipande, inazama kwenye shimo la maji machafu. Karatasi aliyoichora Bilyana mwenyewe tulimzika nayo. Fremu ikabaki wavu mtupu.

"Basi," akasema. Akatundika aproni, akaenda zake. Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi peke yangu, nikala banitsa yote.

Nilidhani Rumyana atafoka. Wapi! "Maskini, kachoka," akasema, akachukua kadi moja isiyo na uzi, akampelekea Yavor, fundi chapa wa mtaa wa juu, atengeneze fremu nyingine. Hilo mimi na Nevena hatukuliwaza. Jogoo keshasambaa mji mzima, utamfutaje kwa mpira wa maji?

Yavor alileta fremu mpya pamoja na marundo ya kadi alizokwisha kuzichapa. Ikaangukia saa ileile Nevena kaja kuchukua viatu vyake vya kazi. Akapita mezani bila kutazama. Akarudi.

"Mguu uko wapi?"

"Miguu si hiyo, dada, miwili," Yavor akasema, kifua mbele. "Kulikuwa na mstari umeteleza hapo, nikausafisha. Wala siwadai."

"Huo ni mguu!"

"Jogoo gani ana miguu mitatu?"

"Miwili ya kutembelea, mmoja wa kupumzikia!" Nevena akapaza sauti. "Bilyana aliniambia mwenyewe, peremende mdomoni, pengo hapa..." Akagusa jino lake la mbele kwa kidole.

Akanishika mkono, akaubana. "Amecheka," akaninong'oneza. "Dada Penka, nimemwona, amecheka."

Moyoni nikasema, haya, mchukue mwanao mtoke. Viatu unavyo mkononi, mlango huo hapo.

"Yavor atatengeneza nyingine, yenye mguu wake," Rumyana akasema kwa upole. "Wewe usijisumbue, mpenzi."

Nevena wala hakumsikia. Alikwisha kuchovya brashi kwenye wino wa buluu. Akauchora mguu kwenye kadi ya kwanza, akafumba macho kidogo, akafumbua, akavuta ya pili. Zamani kazi ile angeweza kuifanya yeyote mwenye mikono. Hii ya sasa ni yake peke yake, na marundo yale yote yanamngoja.

"Nipe nichore mimi," nikamwambia. "Nenda nyumbani."

"Wewe hujui anavyopumzika."

"Bado unamwona?"

"Nikichora tu. Nikiacha anaondoka."

Nilitaka kumpokonya ile brashi, nimtoe nje kwa nguvu. Lakini tarehe mosi ilikuwa inakaribia, na kule nyuma ya hospitali yule binti mwenye kichanga alikuwa analala na koti. Nikamsogezea rundo jingine.