Dakika Mbili za Anko Ndirangu

Anko Ndirangu alipata kazi ya farasi kwa sababu ya punda. Huko Naivasha, kabla hajawa mkazi wa Temple Hills, Maryland, huku Marekani, alikuwa na punda wawili na mkokoteni wa kuuzia maji. Siku alipokwenda kwenye uwanja wa mbio za farasi ulio karibu na Oxon Hill kuulizia kazi ya kufagia, mkufunzi mmoja alimuuliza kama amewahi kushika mnyama anayevuta kitu. Akajibu kwamba ameshika kwa miaka tisa. Hakuulizwa ni mnyama gani. Kesho yake akaanza kazi.

Msomaji asiyezijua mbio za aina hii asijilaumu. Hata majirani wa uwanja hawazijui, ndiyo maana zinakufa. Farasi hapandwi mgongoni. Anafungwa kigari chepesi cha magurudumu mawili, dereva anakaa nyuma yake miguu imetanuliwa, na wote wanazunguka uwanja kwa mwendo wa mchapuko. Farasi akijisahau akaanza kukimbia kwelikweli, zile mbio ambazo Mungu alimuumbia, anaadhibiwa kwa kurudishwa nyuma. Anko alipoelezwa sheria hiyo mara ya kwanza alisema, "Kumbe ni mkokoteni, ila una kiburi."

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mtunza farasi. Kazi yenyewe ni kuzoa samadi, kubeba nyasi kavu, kufunga bandeji miguuni, na kuwaogesha wanyama ambao bima yao ya matibabu ni nzuri kuliko yake. Alitunza farasi watano, na wanne kati yao aliwapenda kama mtu anavyowapenda wenzake wa kazini. Wa tano alikuwa jike la kahawia, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, ambaye kwenye karatasi ana jina la maneno matano lisilotamkika. Anko alimwita Nyambura, yaani wa mvua kwa Kikuyu, kwa kuwa alishuka kwenye lori siku ya mvua. Nyambura alishinda mara moja, mwaka ambao watatu waliokuwa mbele yake walijisahau wakakimbia.

Mwaka jana ikaundwa Tume ya Mustakabali wa Uwanja. Mustakabali ni neno zuri sana la kutumia mtu anapotaka kuzungumzia mwisho bila kuonekana mkorofi. Tume ilikuwa na watu tisa, na kwa hesabu ya mwenzake Gervais hakuna hata mmoja aliyewahi kuonekana uwanjani. Mpango wao ulikuwa huu: mabanda ya farasi yafungwe na kubomolewa, pajengwe nyumba za kupanga, na jengo la watazamaji libaki na skrini kubwa ambapo watu wataendelea kubeti mbio za farasi wa majimbo mengine. Yaani mbio za farasi zitaendelea, ila bila mbio na bila farasi.

Gervais ni Mkongo wa Bukavu, mtunza farasi wa banda la jirani. Ndiye aliyekuja kutuletea habari, akiwa bado na mabuti yenye samadi, na shangazi, mke wa Anko, akamsimamisha mlangoni.

"Muzee, banataka kutufunga," alisema. "Banda yote. Mwezi wa tatu."

"Na farasi?"

"Farasi ya watu wenye pesa itaenda Delaware. Nyambura ataenda wapi? Ni muzee kama sisi."

Kabla ya kupiga kura, Tume ilitakiwa kuwasikiliza wananchi. Kila mwananchi alipewa dakika mbili. Anko aliliona tangazo hilo kama mlango uliofunguliwa. Hakutaka makubwa. Siku za mbio zipunguzwe, skrini ziwekwe, nyumba zijengwe kule kwenye maegesho ambako hakuna mtu anayeegesha, ila mabanda yaachwe, ili yeye abaki na kazi na Nyambura abaki na pa kulala.

Akashuka kwenye chumba changu cha chini ya nyumba yake, ambako mimi huishi na vitabu na kodi ya kindugu.

"Profesa," aliniita. Mimi si profesa. "Ulisoma miaka minne. Hiyo Kiingereza tutaila lini? Niandikie maneno ya dakika mbili. Yawe ya heshima."

Nikamwandikia. Nilifanya kazi hiyo kwa siku tatu, nikapunguza kurasa sita hadi maneno mia mbili na thelathini. Nilieleza habari za watu ishirini na wawili wanaofanya kazi kwenye mabanda, nikaeleza ombi, na mwishoni nikamweka Nyambura. Tulifanya mazoezi jikoni, mimi nikishika simu kupima muda. Alimaliza kwa dakika moja na sekunde hamsini.

"Zimebaki sekunde kumi," nilisema.

"Hizo nitasalimia," alijibu.

Ningekuwa na akili, ningeogopa hapo hapo.

Sista Cherono, nesi na kiongozi wa kwaya kanisani kwetu, akaamua kwamba mzee hawezi kwenda peke yake kama yatima. "Nimeregister watu kumi na sita," alitangaza baada ya ibada. "Tunavaa sare. Na kila mtu aongee, sio kukaa pale kama viti."

"Miye sitaongea," alisema Gervais. "Kizungu yangu ni ya farasi tu. Nikifika pale nitabaambia simama, rudi nyuma."

"Si hayo ndiyo tunataka kuwaambia?" alisema Anko.

Mimi sikujiandikisha. Sauti ninayo, lakini huwa naiacha nyumbani.

Kikao kilifanyika saa kumi na moja jioni ya Jumanne, kwenye ukumbi wenye baridi ya makusudi. Juu ya meza ya karani palikuwa na kitaa kidogo: kijani maana yake sema, njano maana yake maliza, nyekundu maana yake nyamaza. Mtu wa kampuni ya ujenzi alitangulia na picha za nyumba zitakazojengwa. Mtaa wa kwanza ungeitwa Njia ya Farasi na jengo kubwa kuliko yote lingeitwa Banda. Hapa kwetu ndiyo desturi: kitu hubomolewa kwanza, kisha hupewa heshima.

Wakamwita Anko. Alisimama na suti aliyofungia ndoa, akaenda kwenye kipaza sauti, akaikunjua karatasi yangu, akaiweka chini, akavua miwani. Kitaa kikawaka kijani.

Akaanza kwa Kiingereza chake cha kanisani. Alimsalimia mama mwenyekiti. Alimsalimia makamu, ambaye hakuwepo, akamtakia safari njema popote alipo. Aliwasalimia waheshimiwa wajumbe, karani, na polisi aliyekuwa mlangoni. Aliwasalimia wachungaji waliohudhuria, kama wapo, na akina mama, na vijana, ambao hawakuwepo kabisa. Alileta salamu za kanisa, na za askofu ambaye alitamani sana kufika lakini alikuwa kwenye mazishi Herndon. Akaomba kwaya isimame ili itambuliwe. Kwaya ikasimama. Wajumbe wawili wakapunga mkono wasijue la kufanya.

Taa ikawa njano. Anko akaichukulia kama kutiwa moyo.

Kisha akaishukuru Tume. Mtu wa kwetu haombi kitu kabla ya kushukuru, na huwezi kumshukuru mkubwa kwa alichofanya tu. Unamshukuru pia kwa alichonuia. Akawashukuru kwa kazi kubwa, kwa hekima, kwa moyo wa kuangalia mbele, na kwa kuujali uwanja kuliko hata wenye uwanja. Alisema jamii yetu iko nyuma yao na inawaombea. Kisha akavaa miwani, akaokota karatasi yangu, akavuta pumzi.

"Sasa, mama mwenyekiti," alisema, "kabla sijaingia kwenye mada..."

Taa ikawa nyekundu. Kipaza sauti kikazimwa. Mwenyekiti akamshukuru kwa tabasamu la kweli, maana kwa saa nzima hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno jema.

Bado tungeweza kuokoka. Tulikuwa na watu kumi na sita na dakika thelathini na mbili. Lakini Sista Cherono aliposimama alifanya kile ambacho mtu mwenye adabu hufanya mkutanoni akiongea baada ya mzee. Alisema jina lake, akasalimu, akasema kwamba mzee amesema yote na yeye hana la kuongeza, anaunga mkono kila neno la aliyetangulia. Akakaa. Akasimama wa pili, akamuunga mkono Sista Cherono na mzee. Wa tatu akawaunga mkono wote watatu. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma na kitabu mapajani, nikimtazama karani akiweka alama moja baada ya nyingine, zote upande mmoja wa karatasi. Mpaka Gervais, wa mwisho, alikwenda mbele, akasema kwa Kiingereza, "Ndiyo," akarudi.

Njiani kurudi nyumbani watu waliimba. Sista Cherono alisema hajawahi kuona mkutano wenye umoja kama ule.

Gervais peke yake ndiye aliyeuliza. "Muzee, ulibashukuru juu ya nini?"

"Nilikuwa njiani," alisema Anko. "Nilikuwa karibu kufika."

Kumbukumbu za kikao zilitoka baada ya wiki mbili. Zilisema kwamba maoni yaligawanyika, isipokuwa jamii ya Afrika Mashariki, ambayo kupitia wasemaji kumi na saba ilitoa shukrani na kuunga mkono Tume kwa kauli moja. Kura zilikuwa saba kwa mbili. Mjumbe mmoja alieleza kwamba alikuwa na mashaka, ila aliguswa na wale watu wenye sare.

Niliandika barua ya kurekebisha, kurasa nne, zenye tanbihi kumi na saba, nikaituma kwa barua pepe. Jibu lilikuja baada ya sekunde tatu, likinishukuru kwa maoni yangu na kunijulisha kuwa muda wa maoni umekwisha.

Mabanda yalifungwa mwezi wa tatu, kama Gervais alivyosema. Mwenye Nyambura, daktari wa meno aliyekuwa akija kumtazama mara mbili kwa mwaka na kila mara akimshika farasi asiye wake, alimuuza kwa Mwamishi mmoja wa Mechanicsville, kusini mwa Maryland. Waamishi, kwa asiyewajua, ni Wakristo waliokataa magari. Wanakwenda sokoni kwa vigari vyeusi vya farasi, na hupenda farasi wa mbio zetu kwa sababu amefundishwa kuvuta na kutokimbia. Anko alipopata habari alikaa jikoni na kofia kichwani.

"Mkokoteni," alisema. "Sasa ni mkokoteni bila kiburi."

Mwezi wa tano ikaja barua nyingine, safari hii yenye nembo ya dhahabu. Kwa kuwa Bwana Ndirangu alikuwa sauti ya jamii yake, walimwalika kwenye sherehe ya kuzindua ujenzi, Jumamosi saa nne asubuhi, ambapo angetengewa dakika tano za kutoa salamu. Dakika tano. Alipokuwa na jambo la kusema walimpa mbili.

Jumamosi ile alivaa suti ya ndoa. Shangazi akampigia pasi tai. Tukaingia kwenye gari langu, na tulipofika njia panda ya uwanja akaniambia, "Profesa, usikunje. Nyoosha kusini."

Soko la Waamishi lina mboga, maua, majamu na magari mengi ya watu waliokuja kuwapiga picha Waamishi. Nyambura tulimkuta kando, amefungwa kwenye mti wa kuegeshea mbele ya kigari cheusi, kati ya farasi wawili wasiojua kwamba aliwahi kushinda. Alikuwa ameongeza tumbo. Alimsikia Anko kabla hajamwona, sikio moja likageuka.

Anko akavua kofia, akasimama mbele yake umbali wa heshima.

"Nyambura," alisema, "nimekuletea salamu."

Akaanza na za shangazi. Akaleta za Gervais, ambaye sasa anasukuma viti vya magurudumu kwenye uwanja wa ndege wa Dulles na anasema abiria hawasikii amri kama farasi. Akaleta za Sista Cherono na kwaya nzima. Akaleta za wale farasi wanne, mmoja baada ya mwingine, kwa umri. Akaleta hata za daktari wa meno, ambaye hakutuma salamu yoyote, lakini utaratibu ni utaratibu. Simu yake ilitetemeka mfukoni mara tatu. Huko Oxon Hill kulikuwa na kipaza sauti kinachosubiri. Mwenye farasi alitoka sokoni na kikapu cha mayai, akaona mzee wa suti anamhutubia mnyama wake, akaweka kikapu chini, akangoja. Nadhani na wao wana ibada ndefu.

Salamu zilipokwisha, Anko alitia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti akatoa karatasi. Ilikuwa ile ile yangu, imechakaa kwenye mikunjo. Akavaa miwani, akamsomea Nyambura kwa Kiingereza: wafanyakazi ishirini na wawili, mabanda yaachwe, na mwishoni habari za farasi mmoja wa kahawia. Nilipima kwa mazoea. Dakika moja na sekunde hamsini.

Mwamishi alisubiri mpaka karatasi ikunjwe. Kisha akanigeukia, akauliza kwa upole kama kuna mwingine anayetaka kusema.

Niliwatazama wote watatu. Nikasema ninamuunga mkono aliyetangulia.