Vyungu vya Mama Mafuta

Asubuhi mguu wa mgeni ulizama sakafuni, ubao ukakatika chini yake kama biskuti iliyolowa. Hakuumia sana, ila yowe alilopiga lilimfikia tajiri mwenye nyumba. Adhuhuri msimamizi wa nyumba ya wageni akamwita fundi Randa.

Sakafu ile ya mbao, iliyozunguka bwawa la kuogelea, waliijenga Randa na mkewe. Yeye alikata na kufunga skrubu. Mkewe alipaka mafuta kila ubao, juu na chini. Mafundi wakamcheka, wakambandika jina Mama Mafuta.

"Huko chini nani atachungulia, mke wangu?" Randa alimtania.

"Maji, bwana wee. Maji hayapigi hodi mlango wa mbele."

Mkewe alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Hakuacha mtoto, na picha zake zilikuwa chache. Randa akaomba kazi ya kuitunza sakafu. Watu walidhani anatafuta kibarua.

Sasa alipiga magoti, bisibisi mkononi.

"Niambie kweli, baba," msimamizi alisema. "Tajiri anataka aing'oe, amwage zege. Ukisema inapona, nitamsihi."

Randa alipapasa mbao zilizopauka. "Hili ni jua. Hapa palimwagika dawa ya bwawa. Hizi skrubu zimeingia kutu. Si maradhi ya kufa, mwanangu. Ni uzee tu."

"Kama wako."

"Wa kwangu haujameza mguu wa mgeni."

Walicheka. Kisha Randa akafika kwenye kona ya vyungu, hatua chache kutoka kwenye tundu la asubuhi.

Vyungu vile vya maua alivileta mwenyewe baada ya mazishi, kwa kuwa kaburi lilikuwa mbali, akavipanga pale mkewe alipopenda kukaa na brashi yake. Kila jioni alimwagilia, akiyasimulia maua habari za siku. Hakuwahi kuvisogeza. Angeanzaje?

Alisukuma kimoja. Bisibisi ikazama hadi mpini.

Kati ya ubao na ubao alikuwa ameacha nafasi ili maji yapite na mbao zipumue. Vyungu vilikuwa vimeziba nafasi hizo. Alilala kifudifudi, akamulika chini kwa tochi. Boriti zilizobeba sakafu zilikuwa zimeota kuvu nyeupe, na uozo ulikuwa umetambaa kutoka kwenye kona ile hadi ng'ambo ya bwawa.

Angeweza kunyamaza. Msimamizi angemwamini.

"Waite watu wa zege," alisema.

"Mchwa, baba?"

"Maji. Nimeyaleta kwa mkono wangu mwenyewe."

Msimamizi alitazama maua.

"Ila kung'oa niachieni mimi," Randa alisema.

Akachukua mtaimbo, akaanzia mbali na kona. Ubao ulilia, ukaachia. Akaugeuza. Chini ulikuwa bado mwekundu, unang'aa, na nyayo za brashi zikionekana, zimenyooka, bila haraka.

Akaulaza juani, upande ule ukitazama juu, akaufuata wa pili.