Serikali Ililipa Karo, Sisi Tukapumzika

Naikumbuka siku ambayo mdogo wangu Athumani aliteremka kutoka Kinole, kijiji chetu cha mlimani, kwenda chuoni Morogoro mikono mitupu, na sisi tukabaki mlangoni tunafurahi. Mikono mitupu, mwanangu, si kwa kukosa. Mwaka ule machungwa yalikuwa yanaoza chini ya miti.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mtoto akichaguliwa kwenda chuo cha ualimu, mzazi hatoi kitu. Karo serikali, chakula serikali, blanketi serikali, hata nauli serikali. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Mwinyimvua, alisimama mkutanoni akamshika Athumani bega, akasema, “Huyu kuanzia leo ni mtoto wa taifa. Bi Mwanahawa, umeutua mzigo. Pumzika.” Bi Mwanahawa ndiye mama yetu. Tukapiga makofi. Tukapumzika kweli kweli.

Zamani haikuwa hivyo. Salumu wa Bi Zaituni alipokwenda shule ya kati wakati wa mkoloni, mlima mzima ulimsindikiza. Mzee Kondo alitoa jogoo, Bi Tatu akatoa mkungu wa ndizi, marehemu Mzee Ramadhani, ambaye macho yake hayakuwa yanaona, akamsukia mkeka wa kulalia. Salumu akirudi likizo alipita nyumba hadi nyumba na shikamoo yake, maana kila nyumba ilikuwa imetia mkono katika safari ile. Sisi tulidhani ile michango ilikuwa ya karo tu. Serikali ilipolipa karo, tukaiacha michango, na kumbe kulikuwa na kingine tulichokiacha pamoja nayo.

Nikueleze jambo moja la kwetu, usije ukapotea njiani. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama. Mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wetu, Mzee Kibwana, alikuwa mndewa, yaani mkuu wa ukoo: ndiye aliyejua mipaka ya mashamba, nani kazikwa wapi, na nani kapewa mti upi. Na mtoto wa kiume wa dada yake alikuwa mmoja tu, Athumani. Mndewa akifa, jina lake hurithiwa na mpwa, kwa hiyo jina lile lilikuwa linamngoja yeye. Kwa hiyo kijana aliyeteremka mlima siku ile hakuwa mdogo wangu tu. Alikuwa mjomba wa watoto wangu na nguzo ya nyumba yetu.

Likizo ya kwanza alirudi kanenepa, kavaa suruali ya kitambaa kizuri. Tuliketi jikoni tunamenya ndizi. Akazunguka na maneno, kisha akasema, “Dada Mwanahamisi, Jumapili wenzangu wanafuatwa na watu wa kwao. Wanaletewa karanga, wengine mihogo, mmoja analetewa hata kisamvu ndani ya beseni. Wanasema, haya, onjeni cha kwetu. Mimi kila siku naonja vya watu.”

Mimi nilikuwa na mdomo enzi hizo. Nikamjibu, “Wewe unalishwa wali na nyama, bado unazitaka ndizi zetu za kimasikini? Mwambie baba yako serikali akuchumie chungwa.”

Jiko zima likacheka. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Athumani naye akacheka, tena kutupita sisi. Hakuomba tena. Siku nyingine ukiona mtu anacheka kuliko utani wenyewe, mwanangu, mwangalie macho.

Mzee Kibwana alikuwa kaketi nje, na hakucheka. Jioni aliniita. “Mwanahamisi, karo ya mtoto imelipwa. Undugu wake nani kaulipa? Ukienda sokoni mpitie.”

“Nitampitia, mjomba.”

“Lini?”

“Mavuno yakipungua.”

Akanitazama, akasema, “Asiyekuwepo na lake halipo. Nyinyi mnamzoesha kutokuwepo.” Basi. Mzee yule hakuwa mtu wa kurudia neno.

Na wala hapakuwa mbali, hilo ndilo linaloniuma. Sisi wanawake wa Kinole tulikuwa tunateremsha machungwa na ndizi soko la Morogoro kila mara. Tunalala kwa jamaa mjini, asubuhi tunauza, tunarudi. Chuo kilikuwa ng’ambo ya mji, mwendo wa mtu aliyeamua. Lakini mavuno yakipungua, mtoto anaumwa. Mtoto akipona, mvua imekata barabara. Mwanadamu akitaka sababu hazikosi, huota kama magugu.

Jumapili moja nikajikaza. Nilimaliza kuuza, nikauliza njia, nikafika hadi kwenye ua wa chuo. Nikawaona wameketi kwenye majani, vijana na wazazi wao, wanakula. Na Athumani nikamwona, kaketi pembeni ya familia ya watu, kashika kipande cha muhogo. Nikatazama kapu langu. Tupu. Kwa tamaa ya soko nilikuwa nimeuza hata chungwa la mwisho. Nikajiambia, mkono mtupu haulambwi, nitaingiaje pale na vumbi hili na kapu tupu, nimwaibishe mbele ya wenzake? Nitakuja siku nyingine na vitu. Nikageuka.

Siku nyingine haikuja. Alimaliza chuo, serikali ikampangia kazi Rukwa, na wakati ule ukipangiwa unakwenda. Alioa kule kule, na watoto wake wakaongea lugha ya mama yao. Salamu zilikuja kila mwaka, kisha baada ya mwaka na mwaka. Mama alipofariki, habari zilimfikia tumeshazika.

Mzee Kibwana alipomfuata mama kaburini, tukampelekea Athumani neno kwamba jina la mndewa linamngoja. Alikuja. Nilikuwa uani napepeta mpunga, nikasikia, “Hodi.” Sauti naijua, lakini nikabaki najiuliza, nani huyu wa kwetu anayebisha hodi? Alikuwa kasimama nje ya nyumba aliyozaliwa, na sukari na khanga mkononi, anangoja kukaribishwa.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Pita basi, Athumani, mbona umesimama?”

Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni wa mkutano. Nikampa maji, akanywa. Akawa anautazama mchungwa ule wa karibu na jiko, alioupanda mama mwaka aliozaliwa yeye. Kisha akaniuliza, kwa adabu sana:

“Dada, naweza kuchuma moja?”

Niliinuka nikamchumia mwenyewe, nikammenyea kama mtoto.

Usiku wazee walipomwambia habari ya jina, alikataa kwa upole. “Mipaka siijui,” akasema, “makaburi siyajui. Nitakuwaje mkuu wa watu ambao hata utani wao nimeusahau? Tafuteni mwingine.” Walipoondoka, alinigeukia mimi. “Siku ile nilikuona, dada. Kwenye ua, na kapu. Nilisimama nikuite, ukawa umekwisha geuka.”

“Kapu lilikuwa tupu, Athumani.”

“Mimi nilikuwa nakutaka wewe,” akasema. “Kapu la nini?”

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kushika. Jina lile likaenda kwa tawi jingine la ukoo, na Athumani akarudi Rukwa, huko ndiko alikozikwa. Watu wa huko wanamsifu kwamba alikuwa mwalimu mwema. Wazee husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Ni kweli, lakini hawakutuambia mzaliwa nawe itakuwaje ukimwacha ale peke yake.

Nayasema haya leo kwa sababu mjukuu wangu Rehema kapata ruzuku ya serikali ya kusomea chuo, na juzi nimemsikia baba yake akisema barazani, “Sasa tumepumzika.” Nikastuka kama niliyemsikia Mzee Mwinyimvua.

Ruzuku ni jambo jema, mwanangu. Bila hiyo Athumani asingesoma, na mimi mwenyewe niliyejua kuandika kwa kisomo cha watu wazima siwezi kuidharau. Lakini serikali hulipa chuo. Haimjui mtoto anapenda chungwa la mti gani. Nyinyi wazazi, mtoto akilipiwa, hapo ndipo mwende. Mwende na mkungu, na mkikosa mwende na mikono mitupu, mkae naye kwenye majani mle alichonacho. Na wewe unayesomeshwa, ukiona hatuji, usicheke ukanyamaza. Omba tena. Sisi wazee tunasikia polepole.

Rehema, kapu lako liko mlangoni. Machungwa ya juu ni ya wenzako, ya chini ni ya mchungwa ule wa karibu na jiko, alioupanda mama yangu, hayo ule mwenyewe. Mwenyezi Mungu akufungulie elimu, akukinge na husuda, akupe wa kukufuata kila Jumapili. Na siku utakayorudi, popote watakapokuwa wamekupeleka, mlango huu usikusikie ukibisha hodi.