Mgomo wa Mama Dhidi ya Soko la Hisa

Mama yangu aliwahi kuitisha mgomo dhidi ya soko la hisa. Waliogoma walikuwa yeye na wenzake wanne wa jumuiya ndogondogo ya Kihesa, Iringa, wote wenye mashamba ya mpunga Madibira. Kwa kadiri ninavyojua, soko halikupata habari.

Hisa zenyewe walizinunua mwaka ambao mpunga ulikubali. Kampuni ni ya teknolojia, inatengeneza mifumo ya kulipia vitu kwa simu. Mama, ambaye simu yake mpaka leo ni ya vitufe, aliipenda kwa sababu katekista alisema itafika mbali. Katekista huyohuyo ndiye aliyetuambia kwaya yetu itachukua ushindi wa jimbo, lakini hayo tuyaache.

Siku moja redio ikatangaza kwamba kampuni hiyo inaungana na kampuni kubwa ya nje, ambayo itanunua hisa zake zote. Bei ya hisa ikaruka siku hiyohiyo. Mimi nina saluni Mwanjelwa, Mbeya, na mama aliponipigia nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa.

"Uza," nikamwambia. "Uza leo, twende hospitali."

Maana hapo ndipo penyewe. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari alishasema kuchelewa zaidi ni hatari. Nilitaka nilipie mimi upasuaji. Alikataa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika yote hapa. Kwa kifupi, macho yake angeyalipia kwa mali yake, hisa zikishauzwa.

"Niuze leo?" akaniuliza. "Kweli wewe umekulia kwenye mpunga?"

Kwa asiyejua, Madibira anayeuza wakati wa mavuno ni yule aliyebanwa na shida. Mwenye uwezo anafungia mpunga stoo, anangoja miezi ya njaa, bei inapanda. Na lori la mnunuzi mkubwa likiingia kijijini, hakuna anayekimbilia mizani. Watu wanaambizana, stoo zinafungwa, kila mtu ghafla ana shughuli shambani, mpaka jamaa aongeze bei mwenyewe huku akitokwa jasho. Mama alijenga nyumba kwa ujanja huo. Basi aliposikia kuna mnunuzi mkubwa, akawapigia wenzake wote: fungeni stoo.

Bei ikakaa kitako. Haikupanda, haikushuka. Kila asubuhi mama alinipigia nimsomee.

"Bado?"

"Bado."

"Watachoka tu hao."

Mgomaji mmoja, mwenye duka la vitenge, alianza kunong'ona kwamba yeye angeuza. Siku ya jumuiya wenzake wakamwombea kwa sauti, kama mtu aliyepotoka, na akarudi kundini.

Mwishowe nikampigia dalali wao wa hisa, Dar es Salaam. Alikuwa mtu mpole kuliko nilivyostahili.

"Dada, bei imeshatajwa," akaniambia. "Tangazo linasema kila hisa italipwa kiasi fulani. Sasa nani atanunua kwa zaidi ya hapo, wakati mwisho wa siku atalipwa hichohicho?"

"Mbona sasa iko chini kidogo ya hiyo waliyotaja?"

"Huo ni wasiwasi, dada. Serikali bado haijatoa kibali. Wakinyimwa, bei inarudi ilikotoka."

Nikamuuliza kama wanawake watano wa Iringa wakigoma wanaweza kuisogeza. Akakohoa, akasema labda tuongee wakati mwingine.

Nikafunga saluni, nikapanda basi. Nilimkuta mama amekaa nje, anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwa anapapasa kwa vidole. Kokoto zilibaki kwenye ungo, mchele mzuri ukarushiwa kuku, nao walikuwa wamenona vibaya sana.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa Kihehe.

Akageuza uso kwa furaha, akatabasamia upande ambao sikuwepo. Niliumia, na mimi nikiumia huwa nafoka. Nikamwaga maelezo yote ya dalali palepale, nikiwa bado nimebeba begi.

"Yaani mtu anataja bei ya mwisho siku ya kwanza?" mama akasema. "Huyo biashara alifundishwa na nani?"

"Ndivyo wanavyofanya! Hii siyo mpunga, mama. Haina miezi ya njaa. Watu wote wanangoja kibali, na kibali kikitoka utalipwa ileile iliyotajwa."

"Basi na wao wanangoja kama mimi."

"Wanangoja, ndiyo. Lakini wao wanaona!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, hata kuku wakatawanyika. Mama akaweka ungo chini taratibu.

"Unafikiri sijui?" akasema. "Huyo dalali nilimpigia mwenyewe wiki ya kwanza. Nikamkataza asikwambie kwamba nilimpigia."

"Na wenzako uliowafungisha stoo?"

"Watalipwa. Si umesema mwenyewe bei ni ileile?"

"Sasa mgomo wote huu ulikuwa wa nini?"

Akalaza mikono mapajani.

"Baba yako aliingia hospitali kwa miguu yake. Wakasema upasuaji mdogo tu. Bei ikisimama, na mimi nasimama. Hata ingepanda mara mbili, mwanangu, ningekwambia bado."

Nilikuwa nimesafiri kutoka Mbeya na majibu ya soko zima kichwani. Nikatua begi, nikakaa naye kwenye mkeka, nikamshika mikono. Ilikuwa na vumbi la mchele.

"Na mimi naogopa," nikamwambia. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema. Tangu tumzike baba nilikuwa naogopa, ila kwangu woga hutoka kama hasira, na watu wananiheshimu kwa hilo.

"Wewe? Unaogopa?"

"Sana."

Akafikiri, huku akinipapasa vidole kimoja kimoja.

"Utaingia na mimi mpaka ndani?"

"Mpaka wanifukuze."

"Wakikufukuza?"

"Nitakaa mlangoni niwapigie kelele. Utanisikia."

Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Basi mpigie huyo mtu wa Dar es Salaam," akasema. "Auze."

Nilipiga. Bei ya siku hiyo wala sikuiuliza.