Ishara kwa Programu Iliyovuka Mpaka

Chuoni Bukoba ninafundisha somo ambalo wanafunzi hulikwepa wakiweza: jinsi mfumo endeshi unavyoiambia programu kwamba imegusa memori isiyoihusu. Kila programu hupewa eneo lake. Ikivuka, prosesa husimamisha kazi na kuujulisha mfumo endeshi, nao huipelekea programu ishara. Ndani ya ishara kuna maelezo ya kosa: ama kwenye anwani hiyo hakuna kitu, ama kitu kipo lakini huna ruhusa. Programu isiyojiandaa hufa papo hapo. Iliyojiandaa hupata nafasi ya kujirekebisha. Lakini ikirudi kazini bila kurekebisha chochote, hurudia amri ileile na kupewa ishara ileile, bila mwisho.

"Sasa mwalimu, inarudia nini na imeshaambiwa?" aliuliza msichana mmoja wiki iliyopita.

"Haina akili," nikajibu. Darasa likacheka, nami nikajiona mtu.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Buganguzi, mara ya nne mwaka huu, kwenye kibanja cha wazazi wetu, nyumba na shamba lake la migomba, tulichokwisha kukiuza.

Mimi ndiye niliyewashawishi ndugu zangu. Mama alipofariki, tukamzika parokiani kando ya baba, niliwaambia kung'ang'ania shamba lisilo na mtu ni hisia tu. Digrii mbili zilinisaidia kulisema hilo bila kupepesa macho. Sasa nyumbani kwangu Kibeta nina kaeneo kadogo nyuma ya nyumba, na nilitaka kitu kimoja tu: chipukizi la ule mgomba wa nyuma ya jiko, ambao mama alikuwa akiukata majani ya kufunikia chungu. Safari tatu za kwanza nilishindwa kusema. Niliulizia mwavuli. Nikaulizia hati fulani ya zamani. Mara ya tatu nikadai nimepita kusalimia.

Safari hii niliingia kwa nyuma, chini ya migomba, kama tulivyokuwa tukiingia tukitoka kisimani. Mwenye nyumba, mjane wa rika langu, alikuwa anamenya ndizi.

"Waitu, ndugu yangu, mlango uko mbele."

"Nimezoea huku."

"Hata wezi wa ndizi wamezoea huko." Akacheka, akanawa mikono, akaniletea akamwani kwenye kisahani, kahawa ya kutafuna ambayo kwetu hupewa mgeni.

Katika nyumba ile sikuwahi kukaribishwa akamwani. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuwapelekea wageni. Nikachukua punje mbili, nikatafuna taratibu. Kitu kipo, huna ruhusa.

Ndipo nikasema nilichojia. Akaweka kisu chini.

"Ule wa jikoni? Ulipatwa na mnyauko. Tuliung'oa na mizizi yake yote, tukauchoma."

"Lini?"

"Juzi juzi tu. Ulipokuja na habari za mwavuli mgomba ulikuwa mzima kabisa. Si ungesema?"

Akanionyesha migomba ya upande wa pili, aliyoipanda mwenyewe, akasema nichague chipukizi lolote, jembe lipo. Nikamshukuru, nikakataa.

"Sasa safari ijayo utaulizia nini?"

Nilikuwa nimeshafika nyuma ya jiko. Amepanda maharage, yameota vizuri. Miguu ilipajua mahali penyewe bila kuelekezwa, nami nikasimama hapo, mguu mmoja juu, nikitafuta pa kukanyaga nisimharibie.