Kijiji Chetu Kilikuwa Kimbilio Mpaka Mfadhili Alipokasirika

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Sema tu ni huku Omani, upande wa Ibra, wenyewe watajijua. Nina miaka hamsini na minne, mwalimu mstaafu, mke wa mtu, mama wa watoto wanne. Wazee wangu walitoka Unguja. Nina donge kooni, na leo nalitema.

Kwetu mgeni haulizwi habari mpaka anywe kahawa, na akishakunywa yumo katika dhamana yako. Miaka ya nyuma walikimbilia hapa wafanyakazi wawili wa ndani kutoka miji mingine. Wazee wakakaa sabla, yaani baraza ya wanaume, wakapitisha iwe kanuni: aliyedhulumiwa akija kwetu hatolewi mpaka apate haki yake. Matajiri wao wakaitwa, mambo yakaisha, wakasafiri kwao salama. Mungu wangu, majivuno yaliyofuata! Kila Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji tunasomeshwa kuwa sisi ni kimbilio la wanyonge, sisi ndio watu wa muruwa. Hata mwanamume asiyesema na mkewe mwezi mzima naye alikuwa akiandika habari za muruwa.

Sasa kuna ami yangu, mdogo wake baba. Ana mali, anakaa Maskati, hapa ana nyumba ya mapumziko tu. Falaji yetu, mfereji unaonywesha mitende ya kijiji kizima, imebomoka huko juu mlimani, na yeye ndiye aliyeahidi kuitengeneza. Idi iliyopita alikuja na familia yake na mfanyakazi wao, mwanamke wa Tanga, nitamwita Mwanaidi. Asubuhi moja nimekaa na majirani zangu, mara anaingia, kandambili mguu mmoja. Nikamkalisha, nikammiminia kahawa, kama nilivyolelewa. Alipomaliza ndipo nikamuuliza, "Mwanangu, kuna nini?"

Akasema, "Mama yangu amefariki wiki tatu sasa, jana ndiyo nimewasikia wakisema. Walijua, wakanificha ili nisiombe ruhusa. Pasi wanayo wao, simu wanayo wao, na mwaka wa tatu huu sijaona kwetu." Nikamuuliza nani kamwelekeza kwangu. "Bwana mwenyewe, mama. Jana mezani alikuwa akiwasifia wageni wake kuwa kijiji chake hakimtoi aliyedhulumiwa."

Majirani walilia. Bi Salma, mke wa mzee wa sabla, alilia kuliko mfiwa. Wazee wakatoa neno jioni ile ile: hatolewi. Ami akarudi Maskati. Wiki iliyofuata fundi wa falaji hakuja, ukaja ujumbe: "Kijiji kinachoficha watoro kisiniombe maji."

Wallahi sijapata kuona watu wazima wakigeuka upesi namna ile. Wanaume na ndevu zao, majambia yao ya sikukuu, wote wakanywea. Mzee wa sabla akasema kanuni ilikusudiwa "watoro wa watu wa nje, si wa nyumba zetu." Yaani dhuluma ni dhuluma ikifanywa na mtu asiyetupa kitu! Bi Salma naye akaja: "Dada, kwani kapigwa yule? Kufiwa sote tunafiwa. Khalas, mrejeshe."

Nikamwambia, "Ulilia hapo hapo ulipokaa."

"Nililia, ndiyo. Sasa mitende ikifa, nilie tena?"

Sisemi mitende ni kitu kidogo. Ya mume wangu imeanza kukauka makuti, na hana shamba jengine. Lakini na yeye namwonea kinyaa. Kila siku ananiambia, "Mama Salim, mimi sijakwambia umtoe. Nakwambia tu shamba linakufa." Hata kuniamuru kwa kinywa wazi hathubutu. Anataka dhambi niibebe mimi, tende ale yeye.

Na msiniambie nipige simu ubalozini, nimeshapiga. Wamesema nimlete, watamshughulikia. Ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na leseni ninayo. Lakini nikimpeleka, kijiji kizima kitasema mimi ndiye niliyeua mitende yao, na mume wangu atasema hivyo mpaka tunazikana.

Wazee wamekwisha kupatana na ami. Atakuja Alhamisi kwa chakula cha mchana, aelewane na fundi mbele yao, na akiondoka aondoke na Mwanaidi. Chakula kiwe kwangu, maana mimi ndiye damu yake. Halafu Bi Salma akaniletea agizo, bila hata chembe ya haya: ami ametamani samaki wa kupaka wa Mwanaidi, tangu atoroke hajala samaki wa maana. "Basi apike kwanza," akasema, "ndiyo wamchukue."

Nilimtoa mlangoni kwa matusi ambayo sijayatumia tangu nizaliwe. Nikawatukana wote, mmoja mmoja, kimoyomoyo na kwa sauti. Kisha, jamani, mimi huyu huyu nikawasha gari nikaenda sokoni Ibra kununua nguru.

Mwanaidi hajui kitu. Leo asubuhi nilijisikia namuuliza, "Tui la kopo litatosha, mwanangu, au niongeze jengine?"

Akacheka, akasema, "Inategemea, mama. Wageni wangapi?"

Nikamjibu, "Kumi na wawili."

Leo ni Jumatano. Samaki yumo kwenye friji, gari lina mafuta. Nishaurini, nifanye nini? Na mwenye kutaka kuniandikia "subira" asijisumbue, subira kijiji hiki kinayo tele.