Kurasa Nilizovuta

Mwaija binti Muhidini alikuwa mwanamke wa jembe kama wengine wote hapa kwetu Handeni. Nataka kusimulia habari zake, lakini siwezi kuzisimulia bila kujivua nguo mwenyewe, kwa hiyo nisikilize tu na usinihurumie. Mimi ni Isihaka, niliyekuwa mtunza maktaba ya kijiji. Watu waliniita Bwana Maktaba, nami nikavimba kichwa.

Maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja ndani ya ofisi ya kijiji. Watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka kwao na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, ndipo vikaletwa vitabu: kilimo cha pamba, ufugaji wa kuku, siasa, choo bora. Vya hadithi vilikuwa vitatu tu. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilimaliza darasa la nne kabla ya Uhuru na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kusoma nilijua. Ila katika vitabu vile, wallahi, hata kimoja sikukisoma. Nilivifuta vumbi, nikavipanga, nikawagombeza wenye mikono ya udongo. Basi.

Mwaija alikuwa ameachika. Mumewe alikwenda Mnyuzi kukata mkonge, akaoa huko, kisha akarudi kumchukua mtoto wao wa pekee, Swaumu, akiwa na miaka saba. Baadaye ndugu wa mume wakamletea Mwaija maneno: mtoto keshamzoea mama wa kambo, wewe hakutaji tena. Mnyuzi si mbali. Unapanda basi mpaka Korogwe, halafu treni. Lakini Mwaija hakwenda. Alituambia wazi kwamba anaogopa kufika mlangoni na mwanawe mwenyewe amuulize, wewe ni nani?

Kwenye kisomo cha watu wazima alikuwa wa nyuma kabisa. Anakuja kwa sababu mwenyekiti kasema watu waje, anakaa pembeni na kusinzia. Siku moja mwalimu akawasomea mwanzo wa kitabu kimoja cha hadithi, chembamba, cha mwanamke aliyenyang'anywa mtoto na wakwe, akaondoka kwa miguu kwenda kumtafuta. Mwalimu akafunga kitabu akasema, anayetaka kujua yaliyompata ajifunze kusoma. Eti alikuwa anawatania. Lakini kuanzia siku ile Mwaija hakusinzia tena. Herufi ziliingia kichwani mwake kwa nguvu, na baada ya mwaka mmoja alikuja ofisini kwangu kukiulizia kitabu kile.

Nilikataa asikichukue nyumbani, nikidai ndivyo sheria ilivyo. Sheria hiyo niliitunga mimi, kwa ajili yake tu. Kwa hiyo akawa anakuja kila siku baada ya shamba, anakaa kwenye benchi, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Nusu ukurasa, anaondoka.

"Dada Mwaija," nikamtania, "utazeekea ukurasa wa kumi!"

"Acha nizeeke, kaka. Huyu mwanamke ana jambo kama langu. Nataka nijue kama mtoto alimpokea."

"We! Hiyo si hadithi tu? Mtu kakaa akaitunga."

"Aliyeitunga naye ana mama," akasema, akarudi kwenye mstari wake. "Akipokewa huyu, na mimi nakwenda Mnyuzi."

Nilisikia vizuri maneno hayo. Masikio yangu yalikuwa mazima.

Sasa nifike kwenye uchafu wangu. Masika ya mwaka ule barabara ilikatika, gazeti likaacha kuja. Tumbaku ninayo, ya shambani kwangu mwenyewe, ila karatasi ya kusokotea sina. Nikajaribu vitabu vya kilimo, karatasi zake nene, zinakwaruza koo. Karatasi ya kitabu kile chembamba ndiyo iliwaka vizuri. Nikachana ya mwisho, kesho yake nyingine, mpaka zikafika nne. Sikusoma hata mstari mmoja kabla ya kuwasha. Nikajiambia, huyu mama mwenyewe hatafika huko. Ndivyo nilivyomdharau, na yeye amekaa hatua tatu kutoka hapo nilipokuwa navutia.

Akafika. Siku hiyo nilimsikia anasoma kwa sauti: mwanamke amefika kwenye nyumba, amepiga hodi, amesikia hatua za mtu ndani. Akafunua ukurasa. Akafunua tena jalada, akalitazama na nyuma.

"Kaka Isihaka, nani kachana?"

Ningesema pale pale, lingekwisha. Ningetukanwa, ningenyang'anywa ufunguo, basi. Badala yake nikapandisha hasira, maana mimi nikikosa huwa napiga kelele. "Yordani!" nikasema. "Si ndiye aliyekiazima kabla yako?"

Yordani alikuwa fundi seremala, Msambaa aliyehamia kwetu na familia yake. Kitabu alikirudisha kizima, mimi mwenyewe nilikipokea. Nikampeleka mbele ya serikali ya kijiji hata hivyo. Alisema neno moja tu, kwamba alikirudisha kizima, na hakuna aliyemwamini kwa kuwa ni mgeni na mimi ni Bwana Maktaba. Akafutwa kwenye daftari la maktaba. Mwaija akaacha hata kumsalimia. Na mwalimu wa kisomo alikuwa keshahamishwa, kwa hiyo Yordani ndiye mtu pekee kijijini aliyekuwa anaujua mwisho wa hadithi ile! Haukupita mwaka akahama na watu wake kurudi milimani. Sikumwomba radhi.

Mwaija hakuishia hapo. Kesho yake alirudi. "Wewe vitabu ni vyako, umevisoma vyote. Mtoto alimpokea?"

Haya ilinishika. Nimwambie sijasoma? Mimi, Bwana Maktaba? Nikaona nikisema alipokewa ataniuliza alipokewaje, alisema nini, walikula nini. Nikataka aende zake. "Hakumpokea," nikasema. "Alimwambia hamjui. Mama akarudi kwao."

Akajifunga kanga vizuri. "Ahsante, kaka. Afadhali nimejua."

Hakwenda Mnyuzi. Alisoma vitabu vingine, hata cha kuku alikimaliza, na wanawake wenzake walimpelekea barua zao awasomee. Nilikuwa nampita njiani nikiangalia chini.

Mwaka themanini na mbili nilikwenda kwake kumwita kwenye kazi ya shamba la kijiji. Nikakuta binti mgeni uani, mtoto mgongoni, ndiyo kwanza anatua mzigo. Alikuwa Swaumu. Mwaija alikuwa amekaa chini, ameshindwa kuinuka.

"Shikamoo, mama," binti akasema. Akakaa mbele yake. "Mbona hukuja? Treni ikisimama Mnyuzi nilikuwa nakimbilia stesheni nitazame wanaoshuka. Mpaka nimekuwa mkubwa nikaona haya kukimbia."

"Niliogopa utanikataa, mwanangu. Kuna kitabu nilisoma, mtoto alimkataa mama yake. Kaka Isihaka huyu hapa, muulize."

Swaumu akanigeukia. Nikayasema yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi: tumbaku, kurasa nne, Yordani, na ule uongo. Nikasema mwisho wa hadithi ile siujui mpaka leo. Nilitegemea atanirushia chochote kilicho karibu, na ningeshukuru.

Mwaija alinitazama tu. Miaka yote aliniita kaka.

"Isihaka," akasema, "ungesema tu hujui. Ningekwenda."